Mabua ya Kachalla

Siku tatu mfululizo Pate, mfugaji wa Kifulani, alikwenda kwa Kachalla kuomba mabua ya uwele, na siku tatu alirudi na salamu.

Aliondoka asubuhi, kilemba kimefungwa vizuri, fimbo begani, akitembea taratibu kama mtu asiyekwenda popote. Alimkuta Kachalla, mkulima wa Kikanuri, shambani kwake. Walijuliana hali za watu, za mifugo, za visima. Waliusema upepo. Kisha Pate akaitazama ile milima miwili ya mabua, akasema kwamba mavuno ya mwaka huu yalikuwa mavuno kweli, akaaga. Mfulani mwenye heshima zake haombi. Husimama karibu na kitu mpaka mwenye nacho aone haya. Na Kachalla hakuwa mtu wa kuona haya.

Zamani haja hiyo haikuwapo. Wakulima wenyewe walimwita baba yake Pate: lete ng'ombe wale mabua, watuachie samadi. Siku hizi mabua hukatwa, hufungwa matita, lori la soko la Gure likayachukua. Na huko kusini alikochunga mwanawe mkubwa, habari za simu zilikuwa zile zile: njia ya ng'ombe imelimwa vitunguu, majani yamekwisha. Ng'ombe kumi wangeijaribu safari ya kusini ya kila kiangazi. Wa kumi na mmoja, Ole, yule wa rangi ya asali aliyezaa nusu ya zizi, asingefika. Alikuwa na mimba kubwa na mbavu za kuhesabika.

"Leo umeniletea nini, mwana wa shangazi?" mkewe, Daado, alimuuliza siku ile ya tatu. Jina la mume hakuwahi kulitamka tangu aolewe, lakini utani wa mabinamu hakuuacha. "Salamu tena? Mpe Ole atafune."

"Mambo hayaendi kwa pupa, binti mjomba."

"Lori linakuja kesho. Nalo umelifundisha subira?"

Siku ya nne alikwenda mapema. Kachalla alikuwa akila ugali wa uwele kwa mchuzi wa bamia, akamsogezea bakuli.

"Nimeshiba," alisema Pate. Tumbo lake, ambalo halikulelewa vizuri, likanguruma.

Kachalla akaacha kutafuna. "Umemeza ng'ombe gani huyo?"

Ndipo kitu kikakatika ndani ya Pate. Pengine ni njaa. Pengine ni Ole, ambaye alfajiri ile ilibidi asukumwe ndipo asimame.

"Cheka tu, mla kunde wee! Mnakaa hapa kwa huruma ya babu zangu. Shamba hili lingekuwa mchanga mtupu kama si mavi ya ng'ombe wetu! Nipe mabua yangu kabla sijakuuza wewe pamoja na hilo lori!"

Kachalla akajipiga paja. "Mke wangu, njoo usikie! Amepona!" Alijifuta machozi kwa mkono wenye mchuzi. "Siku nne unaniletea adabu. Nikasema huyu ama kafiwa, ama anataka kumposa binti yangu. Tangu lini Mfulani akaja kwa mtani wake Mkanuri asimtukane?"

Hata hivyo, mtani ni mtani na mkulima ni mkulima. Nusu ya mabua ingepanda lori. Nusu ingeliwa pale pale, na ng'ombe walale shambani, waurutubishe udongo uliochoka.

"Mpaka mvua," alisema Kachalla.

"Mpaka mvua?"

"Au una miadi huko kusini?"

Miaka hamsini na mitatu, kila upepo wa kaskazini ulipoanza kukausha midomo, miguu ya Pate iliondoka kabla yake. Hakujua kiangazi cha kukaa mahali pamoja kinafananaje. Akaitazama njia ya kusini, nyeupe, tupu. Kisha akanawa mkono, akalivuta bakuli.

Alasiri, Ole akiwa ndani ya mabua mpaka shingoni, Pate alimpigia mwanawe simu.

"Huhami?" Upepo ulivuma kwenye simu. "Baba, watu watasema nini?"

"Watasema baba yako amekuwa mkulima."

"Na mimi niwaambie nini?"

Pate alimtazama Ole akitafuna.

"Waambie ng'ombe wamepata kazi. Mimi nimewasindikiza tu."