Kiapo Chake, Miguu Yangu

Mume wangu aliapa kwa miguu yangu, si yake. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na wallahi haijesha mpaka leo.

Tulikaa Chumbageni, mtaa wa mji wa pwani, yeye akiwa fundi kwenye karakana ya reli. Jioni moja barazani kwetu, mwenzake wa kazini, mtu wa Moshi, akawatania watu wa pwani: nyie umande tu unawalaza kitandani, barafu ya Kilimanjaro mtaiweza wapi? Watu wakacheka. Mume wangu, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akasema, "Mke wangu asipoikanyaga barafu hiyo kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, basi ameachika!"

Nilikuwa ndani napepeta mchele. Ungo ukanitoka mkononi.

Kwa wengine ungekuwa mzaha. Kwetu haukuwa. Alikwisha kuniacha mara mbili na kunirejea mara mbili, zote kwa hasira za upuuzi. Hii ingekuwa talaka ya tatu, na ya tatu hairejewi mpaka mwanamke aolewe kwingine na kuachwa huko. Asubuhi alikwenda kwa shehe, akarudi amenywea. Shehe kasema neno limeshatoka, nikipanda, nimepona.

Mama akaja mbio kutoka Mwera. "Mwache, mwanangu, rudi nyumbani. Mwanamume gani huyu, kila siku talaka mdomoni?"

"Siachwi kwa maneno ya barazani, mama," nikamwambia. "Nikiachwa, niachwe kwa kosa langu."

Tukapanda treni kwa pasi yake ya kazini, Ramadhani imebaki siku chache. Sikumsemesha mpaka Moshi. Huko tulimpata mwongozaji, Mchagga Mluteri mwenye umri wa baba yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniangalia nilivyovaa: kanga tatu, koti la reli la mume wangu, na buti zake nilizozijaza matambara. Akatikisa kichwa, lakini hakucheka.

Msituni tulipita mavi ya tembo yakitoka moshi, nyati wakikoroma upande wa pili wa kijito. Mume wangu akanishika mkono. Nikauchomoa. Siku ya tatu miti ikatuishia, ikabaki nyasi na mawe. Chupa ya mafuta ya nazi niliyobeba kujipaka iliganda, hata kijiti hakiingii. Maji ya kutawadhia yalifanya utando wa barafu. Nikauvunja kwa kisigino, nikatawadha, nikaswali nikitetemeka.

Siku ya tano mume wangu alianza kutapika. Kichwa kilimpasuka, macho yakamwiva. Mwongozaji akasema, "Bwana huyu ashuke."

"Na ashuke," nikasema. "Mimi napanda."

Hakushuka. Alinifuata nyuma, mara kwa miguu, mara kwa magoti, na sikugeuka kumtazama, ingawa nilimsikia akihema. Nilihesabu hatua ishirini, nikapumua, nikahesabu tena. Mpaka jua lilipokuwa juu ya vichwa vyetu, barafu ikawa mbele yangu: ukuta mrefu kuliko msikiti, na chini yake ulimi mpana uliolala juu ya changarawe. Hatua moja tu.

"Kanyaga, mke wangu," akasema nyuma yangu.

Nikasimama. Ndipo nilipoona jambo ambalo safari nzima sikuliona. Nikigeuka nishuke, niko huru, na hakuna wa kunirejea. Talaka, ambayo miaka yote ilikaa kinywani mwake, sasa ilikuwa miguuni mwangu. Nikaketi juu ya jiwe.

Alielewa. Akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya mgeni. "Naapa sitarudia..."

"Usiape! Umeapa kutosha. Niombe."

Miaka tisa ya ndoa, alikuwa hajawahi kuniomba kitu. Alikuwa akisema tu, nami natenda. Mwongozaji akatugeuzia mgongo, akajifanya anatazama mawingu.

"Nakuomba," mume wangu akasema. "Nakuomba usiniache."

Nilikuwa nampenda, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikavua buti, nikayatoa matambara, asije mtu barazani akasema kilichokanyaga ni kiatu. Nikapanda juu ya barafu pekupeku, miguu yote miwili, baridi ikanipanda mpaka kwenye meno.

Mara ya kwanza baba yangu ndiye aliyeniozesha. Siku ile niliolewa kwa miguu yangu mwenyewe.