Kanuni Arobaini na Tatu za Bi Kajiwara

Bi Kajiwara alikuwa karani wa posta miaka thelathini na minne. Alipostaafu, akafungua kundi la mtandaoni la wapenda maua ya porini. Kanuni ilikuwa moja tu: atakayetaja mahali ua lilipo, atatolewa. Maana wapo watu wanaokuja na majembe, na okidi za manjano za kilima cha nyuma ya mji wake zilikuwa zimebaki kumi na nne. Alizipenda kama wanawe, wala hakuona haya kusema.

Lakini mpe Mzee Isogai kanuni, atakutafutia upenyo. Dereva huyu mstaafu wa treni hakutaja mahali ng'o. Alipiga picha ya okidi, kando yake tiketi ya basi namba sita.

"Tiketi si mahali, mama," aliandika.

Tiketi zikapigwa marufuku. Isogai akaja na habari za harufu ya duka la tofu, ile jibini ya soya, aliyoinusa akiwa kando ya ua. "Sasa hata pua niifunge?" Wenzake wakacheka, wakamwiga: huyu daraja jekundu, yule kengele ya hekalu. Kila upenyo Bi Kajiwara aliuziba kwa kanuni mpya, mpaka zikafika arobaini na tatu, akaziweka juu kabisa ya ukurasa ambapo hata mpita njia angezisoma.

Asubuhi moja ya Aprili akapanda kilimani. Akakuta mashimo kumi na moja, na msichana mgeni mwenye kamera, uso umemshuka.

"Wenye majembe wametutangulia, mama."

"Wewe umepajuaje hapa?"

"Kwenye kanuni zenu. Marufuku kutaja basi namba sita. Marufuku duka la tofu, marufuku daraja jekundu, marufuku kengele ya hekalu. Nikazifuata tu."

Akili nyingi huondoa maarifa. Bi Kajiwara aliketi kwenye udongo mbichi akalia, maana hapakuwa na wa kumlaumu ila yeye.

Aliporudi nyumbani akafuta kanuni zote, akabakiza ile ya kwanza. Akaandika: "Zimechimbwa, zimebaki tatu. Aliyetaja mahali ni mimi." Kisha akajitoa kundini.

Chai yake haijapoa, simu ikalia. Ni mwaliko wa kurudi kundini, umetoka kwa Isogai, pamoja na ujumbe:

"Mama, kanuni nimeisoma mara ishirini. Inasema atatolewa. Haisemi asirudishwe. Tulikuchokoza kupita kiasi, utusamehe. Zimebaki tatu, na sisi hatuna anayejua kuzilinda."

"Mzee huyu!" alisema Bi Kajiwara peke yake jikoni, akafuta machozi, akabonyeza kukubali.