Tuta Lililopigwa Dawa

Juzi nilipita soko la Kibuye nikaona kabeji za Kichina zimepangwa juu ya gunia, majani bado yana umande. Muuzaji akaniambia, "Mama, chukua, imetoka shamba asubuhi hii." Nikamuuliza ilipigwa dawa lini. Akacheka. Mimi sikucheka, rafiki yangu, na nitakuambia kwa nini.

Nililelewa na nyanya yangu, Dani, karibu na Kisian, mahali shamba letu liliposhuka hadi ukingoni mwa ziwa. Majirani walipanda sukuma wiki. Dani alipanda kabeji ya Kichina kwa sababu, alisema, "hii haikawii shambani wala jikoni." Tulihamisha miche kutoka kitaluni hadi kwenye matuta yenye samadi, na kila jioni nilichota maji ziwani kuinyweshea. Kabla miezi miwili haijaisha tulikuwa tunakula. Kitunguu, nyanya, dagaa wa omena, kisha majani mwishoni kabisa, yageuzwe mara mbili na kuepuliwa. Mabua meupe niliyatafuna mabichi.

Nikiwa darasa la sita, viwavi walivamia. Dani akapiga dawa tuta kubwa, kisha akanishika bega. "Hii isiguswe wiki mbili. Hata kuku wasipewe. Umenisikia?"

Nilisikia.

Siku ya tatu yake mwalimu wetu, mtu mkali ambaye hakuwahi kuniita kwa jina, aliniita kwa jina mbele ya darasa. Shule ilikosa mboga ya chakula cha mchana. Je, nyanya yangu angeweza kuleta kesho? Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri.

Jioni sikumwambia Dani, na kulipokucha alikuwa ameshakwenda sokoni. Matuta mengine yalikuwa machanga. Nikavuna lile kubwa, nikaosha kila jani ziwani mara tatu, nikijiambia kwamba maji yameondoa dawa. Mwalimu alipokea gunia akasema, "Vizuri sana, binti yangu." Utamu wa neno hilo uliniisha nilipoketi tu.

Saa za asubuhi zilinipita bila kusikia somo. Kisha harufu ya vitunguu ikaingia dirishani. Nilijua majani yanafuata, na nilijua wanaokula kwanza ni watoto wa darasa la kwanza. Nikainua mkono.

"Kaa chini, ngoja kengele."

Nikainua tena. Mwalimu hata hakugeuka. Nikatoka mbio, sauti yake ikinifuata nyuma. Jikoni majani yote yalikuwa yameshaingia kwenye sufuria, na watoto wadogo wamepanga foleni, sahani mkononi. Mpishi alikuwa anainua upawa wa kwanza.

"Mama, usiwape! Ina dawa!"

Upawa ukaanguka. Hakuna aliyekula. Sufuria ilimwagwa shimoni, watoto wakala ugali kwa chumvi, na Dani akaitwa.

Mwalimu alimuuliza mbele ya shule nzima, "Mama, nani alimwambia huyu mtoto avune?"

Dani alinitazama. Alikuwa mama wa kanisa, aliyetufundisha kwamba uongo hauna udogo.

"Ni mimi, Mwalimu," akasema. "Nilihesabu siku vibaya. Mtoto ndiye aliyehesabu sawasawa."

Shule nzima ikanipigia makofi.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni akasimama. "Leo nimedanganya mbele ya watoto. Sitafanya hivyo tena, hata kwa ajili yako." Hakunipiga. Shule haikuchukua mboga kwetu tena, na majirani nao wakaacha kununua mmoja mmoja. Aliendelea kulima, tukala wenyewe.

Dani hayupo sasa. Ziwa lilipopanda lilichukua matuta, kitalu na hata njia ya kuteremkia, na leo pale pamejaa matete. Ila kanisani bado wako akina mama wanaosimulia jinsi mzee yule alivyokaribia kuwalisha watoto sumu, na jinsi mjukuu wake mwerevu alivyowaokoa. Wanasimulia nikiwa nimeketi palepale kati yao, na wakimaliza hunigeukia na kutabasamu. Nami hutabasamu.