Getopt ilivyoalika wanaume kwenye kupamba kwa dada yangu

Wakuu, hamjambo nyote? Haya nisemayo hayana chumvi. Dada yangu husoma humu kimyakimya, nikiongeza neno atanisuta.

Mimi ni binti wa mtaa wa Kuze, kazi yangu ni kuandika code za Python. Dada yangu Nuru alikuwa anaolewa, nami nikaachiwa mialiko ya SMS. Mama akasema, "Si wewe ndiye wa kompyuta?"

Kwa wasiojua, kwetu kuna nikaha, ya wanaume, na kuna kupamba, ambapo bi harusi hutolewa akiwa amepambwa, mbele ya wanawake pekee. Mwanamume hatii mguu. Hata simu huachwa mlangoni.

Nikaunda program ndogo. Unaipa jina la shughuli, halafu option ya --kundi kuchagua wanawake au wanaume. Usipochagua, default ni wote. Nilijiona fundi kwelikweli.

Nikaandika:

python alika.py kupamba --kundi wanawake

Enter. Nikaenda zangu Bondeni kununua mahamri.

Kumbe getopt, kifaa cha Python cha kusoma options, ikikutana na neno la kawaida, inaacha kusoma options papo hapo! Ilifika kwenye "kupamba" ikafunga duka. --kundi haikusomwa kabisa, ikashika default.

Wanaume wote wa pande zote mbili, bwana harusi akiwemo, wakapokea: "Karibu umuone Nuru alivyopambwa. Njoo umependeza, buibui utavulia mlangoni."

Narudi, namkuta Nuru analia.

"We mwana, wanitakiani? Wakwe wataniona sina adabu, na hata kwao sijaingia!"

Mama kashika kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mara simu ya mama ikalia. Baba wa bwana harusi! Mzee huyo akikohoa tu, wanawe hunyamaza. Mama akaweka loudspeaker.

Salamu ndefu, hali za nyumba nzima. Kisha:

"Bi Zuhura, mwaliko nimeupata, nashukuru sana. Ila n'na udhuru. Dera sina."



Halafu Nuru akaangua kicheko mpaka wanja ukamchirizika. Wallahi nilifurahi mno, maana nilijua dada yangu anakwenda kwa watu wa utu.

Somo: nimehamia argparse, haijali option imekaa mbele au nyuma. Na --kundi nimeiwekea required=True, yaani usipoitaja program haiendi. Program inayotuma ujumbe kwa watu isiachiwe ibahatishe.

Haya, mafundi wa code, nanyi option gani iliwahi kuwaumbua mbele ya wakwe? Semeni, nisiwe peke yangu.