Utando wa Buibui

Juzi, katika duka la uwanja wa ndege wa Luano, nilibonyeza vyuma vya likembe, kile kinanda kidogo cha kupigwa kwa vidole gumba. Vikalia safi kama kengele, bila mvumo. Nikalibwaga mezani kwa hasira.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utoto wangu, kwetu mtaani Kampemba, nyumba iliponukia nta ya nyuki. Mama mmoja mchuuzi, aliyewauzia wageni malikembe aliyoyatengeneza baba, alisema, "Papa, utoe ile makelele. Bageni habaipende." Baba akabandua utando wa buibui alioubandika kwa nta juu ya tundu la likembe moja, ule uliolifanya likembe livume, sauti aliyoihangaikia miaka yote. Mimi nilidhani anaondoa uchafu. Nikachukua kitambaa, nikasugua matundu ya malikembe yote yaliyobaki hadi utando wote ukatoka.

"Muzuri, mutoto wangu," alisema. "Sasa yote itauzika."

Nikajivuna hadi jioni, mjinga mimi.