Mufuko wa Upepo Nilioufua

Wenzangu, leo ndege imeanguka sababu yangu, na hakuna anayejua.

Asubuhi nilifua ule mufuko wa kitambaa unaoonyesha upepo pale kiwanja cha ndege cha Karuba.
Kesho tuna wageni, na kwetu mugeni haonyeshwi kitambaa kichafu.
Nikaurudisha kwenye muti wake ukingali na maji.

Kaka Dezire, anayejifunza kurusha ndege, akauona umelala.
Akafikiri hakuna upepo. Kumbe upepo ulimusukuma toka nyuma, na ndege ili ipande inataka upepo wa mbele!
Ndege haikupanda. Ikaingia ndani ya maharagwe ya Mama Furaha, bawa likavunjika.
Yeye akatoka muzima.

Mwalimu wake muzungu akatazama juu.
Jua lilishakausha mufuko. Umenyooka kwa upepo!

Akafoka kwa Kifaransa. Watu wakaniambia: "Dada, we njo unasoma, si sisi. Anasema nini?"

Nikatafsiri: "Anasema kaka iko kipofu. Hatarusha tena."

Wakacheka.

Kaka Dezire akapaza sauti: "Mufuko ulikuwa umelala, naapa! Dada, umuambie."

Mudomo wangu ukakataa, kwa lugha zote mbili.

Kesho asubuhi gari linamurudisha kaka Goma.
Muniambie nifanye nini.
Lakini musiniambie ninyamaze. Hilo nimeshalifanya.