Kiti Chenye Miguu ya Dungu

Yule fundi seremala wa Mlabani hakushika randa asubuhi kabla hajaketi sakafuni na kukichungulia kiti kwa chini, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Viti vyake vilikuwa na miguu mirefu iliyotanuka, mfano wa dungu la kulindia mpunga.

"Fundi, mteja anakaa au anafukuza ndege?" Evod, mwenye karakana, alimtania, msumeno mkononi. "Kasema vifupishwe. Nakata."

Fundi akapapasa mguu wa kiti kwa vidole vyake vyenye makovu. "Kiti ni nyumba ya mgongo, bosi. Ukiishusha, mwenye nyumba huzoea kuinama."

Evod akakata. Fundi akakung'uta maranda, akachukua randa yake, akatoka. Hakurudi. Mpaka leo Evod akifika pale sakafuni alipokuwa akiketi fundi, hupazunguka.